Wimbo wa Mzee Gallogly

Saa kumi na moja na dakika tano jioni, Ijumaa ya pili ya Oktoba, chati ya nyimbo ya Ireland ilitoka, na katika nafasi ya thelathini na moja palikuwa na wimbo mpya wa Cathal Shanley. Attracta McGourty aliusoma mstari huo mara mbili. Kisha akateleka birika, akaketi mezani na kuufungulia wimbo kwenye spika ndogo iliyokaa kati ya chupa ya maziwa na bakuli la sukari.

Ilikuwa kazi yake. Tangu enzi za kanda alikuwa akihakiki nyimbo mpya za chati katika gazeti moja la kaunti ya Leitrim: kila wimbo aya moja, kila aya na nyota zake, moja hadi tano. Alianza akiwa mwalimu wa shule ya msingi, akaendelea baada ya kustaafu. Vijana waliomcheka kwa baiskeli yake walimwogopa katika jambo hilo moja, kwa sababu hakuwahi kuongeza nyota eti mwimbaji ni mtoto wa nyumbani.

Gitaa lilipoanza, mlango wa nyuma ulifunguka na ndugu yake Felim akaingia. Felim alikuwa amekufa miaka minne iliyopita, trekta ilipompindukia kwenye mteremko wa shamba la chini. Alivaa koti lake la mvua na mabuti ya mpira. Koti lilikuwa likichuruzika maji, ingawa nje kulikuwa kukavu.

"Futa miguu," Attracta alisema.

Felim akafuta miguu mkekani, akaketi kwenye kiti chake karibu na jiko. Mto wa kiti haukubonyea.

"Wimbo huu naujua," alisema.

"Utaacha kuujua? Ni wako."

"Anaimba nani?"

"Cathal, wa akina Shanley."

"Yule? Kameza chura?"

"Sauti wameipitisha kwenye mashine. Ndiyo mtindo wa siku hizi."

Felim akasikiliza kiitikio, kichwa upande. "Wamesema ni wa nani?"

"Wa Mzee Johnny Gallogly wa Gortnalee. Wimbo wa kale, uliopangwa upya na Cathal Shanley."

Felim alicheka mpaka mabega yakamtikisika, na matone yakaruka kutoka kwenye koti hadi juu ya jiko, yakachemka. Wimbo ukaisha. Kiti kikawa kitupu. Attracta akachukua tambara, akapangusa sakafu, akaufungulia wimbo tena. Felim hakuja. Jumamosi pia hakuja. Ikawa dhahiri kwamba chati moja ni ziara moja.

Mzee Johnny Gallogly hakuwahi kuwepo.

Katika parokia ile watu wakikusanyika kukesha na maiti, chai na wiski zikishazunguka, mmoja huimba. Akimaliza, haki ya kumwita anayefuata ni yake, na aliyeitwa hakatai. Huo ndio mwito wa heshima. Kwenye mkesha wa mama yao, aliyeimba kabla ya Felim alikuwa Dympna Beirne, mhariri wa gazeti, na ndiye aliyemwita. Felim alisimama kando ya mlango na kuimba wimbo alioutunga majira yote ya baridi akikamua ng'ombe. Attracta alikuwa ameusikia ukijengwa mstari kwa mstari nyuma ya ukuta wa zizi. Cathal Shanley, jirani wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akija kushika zamu ya kukamua, aliusikia akiwa upande wa ndani wa ukuta huo huo.

Felim alipomaliza, mtu akauliza ameupata wapi. Kusema "nimeutunga mimi" mbele ya majirani, katika parokia ile, ni sawa na kuvua suruali kanisani. Felim akayatazama mabuti yake, akasema ameupata kwa mzee mmoja wa ng'ambo ya mlima, Johnny Gallogly wa Gortnalee, Mungu amrehemu. Watu wakaitikia kwa vichwa kwa heshima. Wawili watatu wakasema walimfahamu vizuri.

Kwa hiyo Cathal aliposimama redioni na kusema wimbo ni wa marehemu mzee mmoja asiye na watoto wala ndugu, parokia nzima ilikuwa shahidi wake.

Wiki ya pili wimbo ulipanda hadi nafasi ya kumi na tisa, na kiti kililia Felim alipokikalia. Ulipofika wa tisa, alikunywa chai na kusema sukari haitoshi. Mwanzoni mwa Novemba ukawa wa kwanza. Mjini wakatundika bango kutoka duka la dawa hadi duka la nyama: HONGERA CATHAL, FAHARI YA LEITRIM. Cathal akapitishwa barabarani juu ya lori, filimbi zikilia. Ijumaa hiyo Felim aliingia na uzito wake wote. Mbwa aliamka kutoka chini ya meza na kumlazia kichwa pajani. Felim alikula vipande vitatu vya mkate wa magadi na siagi, na Attracta, akimpitishia kisu, aligusa mkono wake. Ulikuwa wa baridi na mgumu, wenye kovu la waya pale pale lilipokuwa.

"Unanitazama nini?" Felim aliuliza.

"Umenenepa."

"Watu wananisikiliza, ndiyo sababu. Umenipa nyota ngapi?"

"Nne."

"Nne! Dada wa damu, na nne?"

"Ubeti wa tatu unakokota. Nilikwambia tangu zizini."

"Ulinipigia ukuta, hukuniambia."

"Ndivyo nilivyokwambia."

Alicheka, lakini si kama mara ya kwanza. Akakusanya makombo ya mkate kwa kidole. "Bado wanasema ni wa Gallogly?"

"Bado."

"Jina langu halipo popote? Hata chini, kwa herufi ndogo?"

"Halipo."

Wimbo ulikuwa umefika kiitikio cha mwisho. "Ningependa liwepo," alisema, na kiti kikabaki na mto wake umebonyea.

Attracta aliandika aya. Ilikuwa ya sentensi tano, kila moja inayoweza kuthibitishwa na mtu mmoja tu, yeye mwenyewe. Ilisema wimbo ulitungwa na nani, wapi, na ng'ombe wangapi wakisikiliza. Alijua kitakachofuata ikichapishwa. Kampuni ya Cathal ingeuondoa wimbo sokoni hadi mawakili wakubaliane. Wimbo ulioondolewa hausikilizwi, usiosikilizwa hauingii kwenye chati, na usipoingia kwenye chati mlango wa nyuma haufunguki. Akaifuta aya hiyo, na mahali pake akaandika kwamba mpangilio wa vinanda umezidi.

Wiki iliyofuata wimbo ulikuwa wa pili, kisha wa nne, kisha wa saba. Mkate ukamshinda Felim, akabaki na chai. Ijumaa ya mwisho wa Novemba alikishika kikombe bila kunywa.

"Umeandika?" aliuliza.

"Nikiandika watautoa. Ukitolewa, huji."

"Dada, mimi nimekwisha kufa. Nina nini cha kupoteza?"

Attracta hakumwambia ni nani mwenye cha kupoteza. Alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitano.

"Ulijitakia," alisema. "Nani alikutuma umzue Gallogly?"

"Ulitaka nisimame mbele ya akina Beirne na akina Shanley niseme ni wangu? Ningeonekanaje?"

"Ungeonekana mwenye wimbo."

"Ndiyo maana nakwambia uniandikie wewe. Wewe huoni haya. Unawanyima watu nyota kila wiki."

"Wiki ijayo," Attracta alisema.

"Kweli?"

"Nimesema wiki ijayo. Kunywa chai."

Felim alimtazama kama alivyokuwa akimtazama mnunuzi wa ndama, wimbo ukaisha.

Ijumaa ya kwanza ya Desemba chati ilitoka kwa wakati wake. Nyimbo za Krismasi zilikuwa zimeingia zote kwa pamoja, kama zinavyoingia kila mwaka: zile zile za kengele, za theluji, za wapenzi waliotengana mkesha wa sikukuu, nyingine kongwe kuliko wazazi wa watoto wanaozipiga. Zilikuwa zimechukua zaidi ya nusu ya nafasi hamsini na kusukuma nyimbo za vuli nje. Hili Attracta alilijua. Kila Desemba, tangu alipoanza kazi, alikuwa ameandika aya moja ya kulalamikia jambo hilo, na aya ya mwaka huu ilikuwa tayari.

Aliusaka wimbo kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Akaufungulia hata hivyo, mara tatu. Mbwa aliinua kichwa kuelekea mlango wa nyuma, akakilaza tena.

Jioni hiyo hiyo aliiandika upya ile aya ya sentensi tano na kuituma. Dympna Beirne alimpigia simu kabla birika halijachemka.

"Attracta, mama, hiki ulichonitumia ni nini?"

"Ni ukweli."

"Wimbo haumo tena kwenye chati. Safu yako ni ya nyimbo zilizomo."

"Basi uweke ukurasa mwingine."

"Niuweke vipi? Mimi ndiye niliyemwita siku ile. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema ni wa Gallogly. Niseme marehemu alidanganya kwenye mkesha wa mama yake, maiti ikiwa chumba cha pili?"

"Alikuwa anaona haya, Dympna."

"Nani asiyeona haya? Mimi siku hiyo niliimba macho nimefumba. Ungeniambia kule Novemba, uko wa kwanza, ningelitazama. Sasa nani atasoma?"

Aya hiyo haikuchapishwa. Mahali pake pakawekwa tangazo la bata mzinga.

Januari nyimbo za Krismasi ziliondoka kama zilivyokuja, siku moja, na nyimbo za vuli zikarudi kwenye nafasi zao. Wa Felim haukurudi. Chati ina kanuni yake: wimbo ukiendelea kushuka wiki kadhaa mfululizo, wasikilizaji wake huanza kuhesabiwa nusu, ili wapya wapate nafasi. Nusu ya wasikilizaji wa Felim haikutosha. Attracta aliwahi kuandika kwamba kanuni hiyo ni ya haki. Hakuwa na sababu ya kubadili maoni.

Mwezi Machi, kwenye njia panda ya Gortnalee, kamati iliyoundwa kwa ajili hiyo ilisimamisha jiwe la ukumbusho. Liliandikwa: JOHNNY GALLOGLY, MTUNZI NA MWIMBAJI, ALIISHI KARIBU NA HAPA. Mwaka wa kuzaliwa haukutajwa, kwa kuwa wazee watatu waliomkumbuka hawakukubaliana. Cathal Shanley ndiye aliyelifunua. Aliimba bila mashine, macho yake ardhini, akaikosea nota ya juu, watu wakampigia makofi kwa muda mrefu. Alipomwona Attracta katikati ya watu alivuka barabara na kupita upande wa pili. Attracta akaandika maelezo ya picha kwa ajili ya gazeti, majina kutoka kushoto kwenda kulia, yote kwa tahajia sahihi.

Ijumaa iliyofuata mvua ilikuwa ikinyesha. Chati ilikuwa na nyimbo nne mpya. Attracta alikuwa kwenye wa pili, wa binti mmoja wa Cork aliyestahili nyota tatu, mlango wa nyuma ulipofunguka.

Aliyeingia alikuwa mzee mfupi mwenye kofia bapa. Alikuwa mkavu kabisa, kofia na koti na viatu.

"Mungu aibariki nyumba hii," alisema.

"Futa miguu," Attracta alisema, akaizima spika.

Mzee akafuta miguu mikavu, akatazama kiti cha karibu na jiko, akaonyeshwa kwa kidevu kwamba anaweza kukaa. Mbwa alimnusa, akarudi chini ya meza.

"Mimi ni Johnny Gallogly."

"Nimesoma jina lako kwenye jiwe. Chai?"

"Ikiwepo." Alikipokea kikombe kwa mikono miwili. "Samahani kwa usumbufu, bibie. Kila ninakopita watu wananiomba wimbo ule. Siujui. Sijawahi kuwa na wimbo hata mmoja. Wananiona mchoyo."

"Nani kakwambia uje huku?"

"Bwana mmoja mwenye koti linalochuruzika. Nilimwomba anifundishe yeye, maana alikuwa akiupiga mluzi."

"Akasemaje?"

"Aliyatazama mabuti yake. Akasema ameupata kwangu."

Attracta akasukuma bakuli la sukari upande wa mgeni. Mvua ilipiga dirishani. Mzee akanywa mafunda mawili, akakiweka kikombe chini, akajikohoza.

"Basi, Attracta McGourty," alisema, "tunakuita uimbe."

Kwa desturi hakuwa na haki ya kumwita mtu, kwa kuwa mwenyewe hakuwa ameimba. Attracta aliliona kosa hilo, akaliacha lipite. Hakuwa ameimba mbele ya mtu tangu chuo cha ualimu. Alisimama kando ya mlango, akashika mgongo wa kiti, akauimba wimbo wote, hata ule ubeti wa tatu unaokokota. Mzee Gallogly alisikiliza huku midomo yake ikifuata maneno, na kufikia kiitikio cha mwisho alikuwa ameyashika.

Aliyemaliza kuimba ndiye mwenye haki ya kumwita anayefuata. Attracta aliugeukia mlango wa nyuma.

"Felim McGourty," alisema, "mwenye wimbo."

Mzee akavua kofia na kuiweka gotini. Wakangoja mpaka chai ikapoa vikombeni. Mlango haukufunguka.