Sekunde Tano za Ghorofa ya Nne

Taya la mdogo wake wa kike lilivunjwa kwa kufuli. Si kofi, si ngumi. Lile kufuli kubwa la kufungia mlango wa nyuma wa lori, shemeji, yaani mumewe, alilitia ndani ya soksi, akalizungusha hewani na kumtandika nalo usoni mara tatu, eti kwa sababu alichelewa kufungua geti. Hapo nyuma alikuwa ameshamvunja mbavu mbili na kidole, na kila mara wazee walikaa, wakasuluhisha, wakala wakaondoka. Safari hii kaka mtu hakumwita mzee yeyote. Alimpeleka hospitali, na kutoka hospitali hakumrudisha kwa mumewe. Akamficha.

Kaka mtu huyo wenzake wanamwita Darubini. Kazi yake ni kutazama. Anakaa kwenye kachumba chini ya ngazi za jengo la wapangaji linaloitwa Marumaru, mbele ya skrini kumi na sita, kwenye kiti kilichotoka sponji, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Alimpatia mdogo wake chumba ghorofa ya nne ya jengo hilohilo, na jina lake halikuandikwa kwenye daftari la wapangaji. Waliojua ni watatu tu: yeye, mama yao na meneja. Dada mwenyewe alikuwa hatoki mlangoni bila mtandio, ameuzungusha kichwani na kuushusha mpaka kwenye taya, pale mfupa ulipounga vibaya. Shemeji alikuwa akimsaka mji mzima; alijua kaka mtu anatazama kamera, ila si za jengo gani. Alimpigia simu mama mkwe wake, bila hata chembe ya haya, akamwambia, "Nikimwona simpigi tena, mama. Namaliza." Miezi mitano ikapita, hakumwona.

Sasa sikiliza kilichomponza huyo dada, maana hakikutoka mbali.

Watazamaji wa kamera wa majengo kama thelathini wana kundi lao la simu, wamelibatiza Sinema ya Bure. Kazi ya kutazama kuta na ngazi siku nzima inachosha jamani, kwa hiyo likitokea la kuchekesha wanalikata na kulitupa kundini. Mlevi anayebishana na kioo cha lifti. Bwana harusi aliyekanyaga ndoo. Mtu anayejikuna pasipokunika hadharani akidhani yuko peke yake. Wanavunjika mbavu, wanawatumia na wake zao, na wake zao wanawatumia mashoga zao, hadi mwisho wa dunia. Darubini ndiye alikuwa bingwa wa kundi, na kichwa kilimvimba kwa hilo. Mpangaji mmoja aliwahi kuja kulalamika, akamjibu kwa dharau, "Ukitoka mlangoni kwako, bwana, wewe ni wa wote."

Jumanne asubuhi mwalimu mstaafu wa ghorofa ya nne, mtu mzima mwenye heshima zake, alitoka kutupa maji ya beseni akiwa na taulo tu kiunoni. Upepo ukaubamiza mlango. Taulo likabanwa kwenye mlango, mwalimu akapiga hatua moja, basi. Akabaki kwenye korido kama alivyozaliwa, beseni mkononi, hajui alifunike lipi aliache lipi. Darubini alicheka mpaka machozi. Halafu akamwona mdogo wake akitokea nyuma, akauona mzee wa watu anavyohangaika, akaufungua mtandio kichwani na kumrushia ajisitiri. Uso wote ukawa wazi, na kovu lake, umeielekea kamera.

Darubini hakuwa mjinga. Alikata kipande kikaishia kabla mdogo wake hajatokea. Lakini ile mashine ya kurekodi kamera ina tabia yake, na kila anayeifanyia kazi anaijua: ukiiambia sekunde ishirini, inakupa thelathini, tano za ziada mbele na tano nyuma. Ukitaka kuwa na hakika, unakitazama tena kipande mpaka mwisho ndipo unakituma. Yeye hakukitazama. Alikuwa na haraka ya kucheka na wenzake, na aliona hana haja, si alishaona yote kwa macho yake? Mtu anayelipwa kutazama kutwa alishindwa kutazama sekunde tano! Na juu kabisa ya picha, kwa herufi nyeupe ambazo watu wa kazi hiyo wamezizoea hata hawazioni tena, paliandikwa: MARUMARU, GHOROFA 4, KUSHOTO.

Alhamisi, saa tisa alasiri, mwanamume mmoja aliingia getini na mtungi wa gesi begani. Mlinzi wa geti, askari mstaafu wanayemwita Kamanda, alimwuliza unakwenda wapi, akajibiwa gesi, ghorofa ya nne. Akampisha. Wauza gesi huingia kumi kwa siku.

Darubini alimwona kwenye skrini ya pili, hana hili wala lile, anapuliza chai. Uso ulikuwa umefichwa na mtungi. Ila kitu kilimkaa vibaya. Wauza gesi wote hupumzika ghorofa ya pili, wanautua mtungi na kushika kiuno. Huyu hakutua. Aliuhamisha kutoka bega hili hadi lile kama mto wa kulalia, maana yake mtungi ulikuwa mtupu. Skrini ya tano, ghorofa ya tatu. Skrini ya saba, ghorofa ya nne. Hapo jamaa akautua, akatoa simu mfukoni, akainyoosha mbele ya uso na kulinganisha: mlango wa simuni, mlango wa ukutani. Mlango wa simuni, mlango wa ukutani. Akageuka.

Alikuwa shemeji.

Chai ilimmwagikia Darubini mapajani na wala hakuisikia. Aliruka kile kiti, akatoka guu mosi guu pili. Skrini zake hazina sauti. Alipofungua tu mlango wa kachumba ndipo akausikia mshindo. Ule mtungi. Shemeji alikuwa anaubamiza kwenye kitasa. Ghorofa ya kwanza, mshindo. Ya pili, mshindo na mbao kupasuka. Ya tatu, akasikia anaitwa.

"Kakaaa! Kaka weee!"

Alipofika juu mlango ulikuwa umelala ndani ya chumba. Dada alikuwa anapiga pasi shemeji alipoingia, na hiyo pasi ndiyo aliyompokea nayo, akamgandamiza nayo shingoni mpaka ngozi ikalia. Chumba kizima kilinuka nyama iliyoungua. Lakini shemeji ni pande la mtu. Alimshika nywele, akamgongesha kichwa kwenye fremu ya mlango, akamgongesha tena, na tena, bila kusema neno, kama mtu anayekung'uta mkeka. Damu ilikuwa ukutani imepanda mpaka usawa wa swichi.

Darubini alimrukia mgongoni. Akamng'ata sikio, akalisikia linaachia mdomoni mwake, akatema. Shemeji aliguta, akamwachia mke, akachomoa spana ya mitungi kiunoni na kuishusha bila kutazama. Mkono wa kushoto wa Darubini ukavunjika. Aliusikia kabla maumivu hayajafika. Pigo la pili lilimwondolea meno mawili ya mbele. Akaanguka chini, akaona viatu vya shemeji vinageuka na kumrudia dada yake.

"Uliniaibisha mbele ya watu," shemeji akamwambia mkewe, akihema. "Miezi mitano natafuta mtu kama natafuta mbuzi. Leo tunamaliza."

Akamkalia kifuani, akainua spana. Dada alikuwa ameishika ile spana kwa mikono miwili na mikono ilikuwa inashindwa. Darubini alijikokota kwa kiwiko, akashika mguu wa suruali, hana nguvu ya kuvuta. Alilia kwa hasira.

Aliyemwokoa dada ni yule mwalimu. Alitokea mlangoni kwake na kigoda cha mbao, mzee wa miaka sabini na mbili, akakishusha kwenye utosi wa shemeji kwa mikono yote miwili. Kigoda kikapasuka. Shemeji akayumba, akasimama, akatoka kwenye korido akipapasa ukuta huku damu imemwingia machoni. Dada alimfuata kwa magoti. Pale kwenye kona ya ngazi alijiegemeza ukutani, akainua miguu yote miwili, akamsukuma. Shemeji akashuka ngazi kumi na mbili kwa mgongo, na alipofika chini mguu wake mmoja ulikuwa umeelekea upande usio wake.

Na watu? Watu walikuwepo! Wapangaji saba walikuwa wamesimama kwenye milango yao na kwenye ngazi za juu, na mikononi mwao simu saba, zimeinuliwa. Hakuna aliyeshusha hata moja kumshika mtu.

Kamanda alifika anahema, akamkalia shemeji, akamfunga mikono kwa mkanda. Shemeji alikuwa anacheka, meno mekundu.

"Nani kakwambia niko hapa?" dada akamwuliza kutoka juu. Sauti ilikuwa inatoka na mapovu.

"Mwulize kaka yako," akajibu. "Mimi sikumtafuta mtu leo. Nililetewa kwenye simu, kijana wa gereji kanitumia tucheke. Simu hii hapa, mfuko wa shati. Tazama mwenyewe."

Dada alishuka ngazi moja moja akiwa ameshika ukuta. Akaitoa simu, akatazama. Mwalimu naye alikuwa ameshuka nyuma yake na vipande vya kigoda, akachungulia juu ya bega lake. Akajiona uchi, na beseni. Siku mbili hizo alikuwa akijiuliza kwa nini muuza duka anamwangalia na kuguna, kwa nini wasichana wa saluni wanafunika midomo akipita. Akakaa kwenye ngazi taratibu, akatazama sakafu.

Darubini alikuwa amefika, mkono unaning'inia.

"Nilikukata," akasema. Meno yaliyotoka yalimfanya aongee kama mtoto. "Naapa nilikukata, mdogo wangu. Ni mashine, huwa inaongeza..."

"Uliniuliza?"

"Sikukutaka wewe! Nilikuwa nataka mwalimu tu."

"Na mwalimu ulimwuliza?"

Dada akampiga kofi, kofi la mkono uliojaa damu. Akampiga la pili. La tatu alimpiga ngumi, hapohapo palipotoka meno, na Darubini hakuinua ule mkono mzima kujikinga. Alitaka aendelee. Dada alipochoka aliegemea ukuta, akainama, akatapika.

"Dada, pole," mpangaji mmoja wa juu akasema, simu bado iko hewani. "Lakini umempatia! Kundi zima la mtaa wanakupongeza."

"Kundi gani?"

"La mtaa. Imeshafika."

Polisi walimbeba shemeji kwenye machela. Alipopitishwa getini aliinua kichwa akapaza sauti jengo zima lisikie, "Mguu utapona! Nitatoka, na nikitoka sina haja ya kukutafuta, watanionyesha wenyewe!" Na aliposema hivyo hakuna aliyeona anatia chumvi. Mara mbili alikwishakamatwa kwa kumpiga, mara mbili wazee walimtoa, akarudi nyumbani kabla vidonda havijakauka.

Dada alishonwa nyuzi kumi na moja kwenye zahanati ya mtaa wa pili, akakataa kulazwa. Jioni hiyohiyo, jua bado lipo, alirudi chumbani, akatia nguo kwenye begi moja. Darubini alisimama mlangoni, au tuseme pale palipokuwa na mlango, mkono umefungwa plasta.

"Nina rafiki ana jengo kule ng'ambo, zuri, lina ulinzi wa uhakika," akasema. "Nitazungumza naye sasa hivi."

"Lina kamera ngapi?"

Darubini, aliyekwisha kuitoa simu, akairudisha mfukoni.

"Twende chumbani kwako," dada akasema.

Kwenye kachumba cha chini ya ngazi alitazama zile skrini kumi na sita. Kwenye moja, korido ya ghorofa ya nne, mwalimu alikuwa amepiga magoti akisugua damu sakafuni. Dada alitazama kidogo, akageuka.

"Zima."

"Zote? Nitafukuzwa kazi."

"Zima, kaka."

Alizima. Akauvuta na waya wa mashine yenyewe kutoka ukutani, ule usiovutwa kamwe. Kachumba kikawa kimya, hata feni ilisimama.

"Sasa geuka uangalie ukuta," dada akamwambia. "Usinifuate mpaka getini. Usimwulize Kamanda nimeelekea wapi. Usinipigie simu, hii laini naitupa. Nakupenda, kaka, na sitaki ujue niko wapi. Wewe kuliko wote."

"Utakula nini? Utalala wapi?"

"Geuka."

Akageuka. Ukuta ulikuwa umebanduka rangi. Alisikia begi likisugua mlango, kisha hatua, mguu mmoja mzito kuliko mwingine, kisha geti. Alitaka kutoka, miguu yenyewe ilishaanza kwenda, akajishika kwenye kiti kwa ule mkono mzima mpaka kucha zikauma.

Simu yake ikalia. Alikuwa mama.

"Mwanangu, kuna picha jirani kanionyesha, mtoto wangu anavuja damu! Nipe nimsikie sauti."

"Hayupo, mama. Ameondoka."

"Kaenda wapi na hali ile?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Si wewe uliyemficha?"

"Nilimficha," Darubini akasema. "Halafu nikamtangaza." Mama akawa anauliza amemtangaza wapi, kwa nani, kwa sababu gani, na yeye akaanza kumweleza kuanzia taulo la mwalimu.