Mchumba wa Nne, Sinema Mbili

Wachumba watatu walishanikimbia, wote kwa sababu moja: walijua kazi yangu. Kwa hiyo huyu wa nne, Mwalimu, nilimwambia mimi ni mshonaji. Si uongo. Nashona bitana na mito katika karakana ya baba yangu, fundi seremala. Kwamba Baba hutengeneza majeneza, na bitana zangu huingia humo, hilo nililimeza. Huyu nilimpenda kweli, na sikuwa tayari kuona kisogo chake.

Kasoro yake ilikuwa moja tu, sinema. Mimi ni mgonjwa wa sinema, lakini yeye alipenda zile za angani zinazokwenda mwendo wa kinyonga. Jumapili mchana, siku aliyokuja nyumbani kwa mara ya kwanza, nilitia karakana kufuli nikamsihi Baba asitaje kazi.

"Mimi nitanyamaza," Baba akasema. "Lakini njia ya mwongo ni fupi."

Mwalimu akaja, akaamkia, akachomeka flashi yake kwenye runinga. Mtu mmoja yuko peke yake ndani ya chombo cha angani. Anatazama ukuta. Nikaangalia saa: dakika saba, ukuta. Kisha akanywa maji, nikashukuru kwamba angalau limetokea jambo.

"Anamsubiri fundi?" Baba akauliza.

"Hapana, baba. Anausikiliza upweke."

"Na unasemaje?"

"Bado haujasema."

Nikajikaza kisabuni nisilale. Baada ya saa mbili na robo yule bwana akafungua mlango, skrini ikawa nyeusi. Baba akauliza kama imeisha au umeme umekatika.

Ikawa zamu yangu. Mimi napenda za kutisha zinazovunja mbavu, na ninayoipenda kuliko zote ina maiti mkaidi. Kila akizikwa anarudi nyumbani kulalamika kwamba jeneza linambana, na mjane wake anamfokea kwa kuchafua zulia. Ningechagua nyingine yoyote, lakini akili yangu siku hiyo ilikuwa likizo. Nilitaka tu kumwona mpenzi wangu akicheka.

Na alicheka, tena sana. Baba naye alikuwa ametulia kama maji mtungini, mpaka maiti alipopiga teke kifuniko kikaruka.

"Misumari minne kwenye kifuniko kizima," Baba akasema kwa uchungu. "Fundi gani huyu? Kwangu hajawahi kutoka mtu."

Mwalimu akageuka. "Kwako, baba?"

Baba akanitazama. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Basi mwenzio hajakwambia," Baba akasema. "Tunatengeneza majeneza, mkwe. Hata huo mto ulioegemea kaushona yeye. Ulizidi kwenye oda ya juzi."

Mwalimu akautoa mto mgongoni, mdogo, mweupe, wa satini, akauweka magotini. Kicheko chote kilikuwa kimemtoka. Kwenye runinga maiti alikuwa bado anagombana na mkewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeondoka. Wenzako watatu waliondoka, mmoja viatu alivalia barabarani. Kazi yangu siionei aibu, nimechoka tu kuachwa. Kama unaondoka, ondoka upesi, usinifanyie ile ya ukuta."

"Nipe muda nifikiri."

Nikapandwa na mori. Nikamwambia mlango ule pale, akafikirie njiani. Hakuinuka. Alikaa palepale, kidole kikipita taratibu juu ya mshono wangu, huku Baba akiongeza sauti ya runinga kidogo, kwa adabu. Maiti alizikwa tena, akarudi tena, Baba akacheka peke yake. Mimi sikuona kitu. Nilimchukia kwa kutokwenda kama nilivyomchukia kwa kufikiri.

Sinema ilipofika kwenye majina ya waigizaji ndipo alipofungua kinywa.

"Mama yangu anaumwa. Wiki mbili sasa tangu madaktari wamrudishe nyumbani, wamesema hawana la zaidi. Zile sinema zangu huwa tunatazama wote, mimi nimekaa kando ya kitanda. Anazipenda kwa sababu akisinzia katikati hakosi kitu." Akaugeuza mto magotini. "Nilishindwa kukwambia. Niliona uchumba bado mchanga, nakuletea msiba mlangoni."

Baba akazima runinga.

"Ungemshonea wewe?" Mwalimu akaniuliza.

Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi, vyote kwa pamoja. Miaka kumi na moja nashona, huletewa vipimo kwenye karatasi, urefu na upana, basi. Hakuna aliyewahi kuniomba kwa kunitazama machoni. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, nikamuuliza Mama hupenda kulalia upande gani.

"Wa kulia," akasema. "Na mto mrefu hautaki, unamuumiza shingo."