Shujaa Asiyetoka Jasho

Mkurugenzi wetu alipata ufadhili wa vitabu vya wasichana, na kufumba na kufumbua akawa mtetezi wa wasichana. Mtu huyu kwa miaka kumi na tisa ameniita "dada wa nukta na mkato", ingawa mimi ndiye mhariri wake mkuu. Sasa akasimama mbele yetu kwenye chumba cha mikutano, mkono mfukoni, akatueleza kwamba mabinti wanahitaji mashujaa wa kuigwa.

Kazi akampa rafiki yake, mwandishi tunayemwita Bingwa kwa sababu anapenda kuitwa hivyo. Bingwa aliandika kitabu kizima kwa wiki tatu, na wiki tatu zenyewe zinaonekana. Shujaa wake ana miaka kumi na mitatu. Ukurasa wa kwanza anaangusha majambazi saba kwa mateke. Ukurasa wa themanini anaangusha wengine, nywele hazijavurugika. Haogopi, hachoki, hana rafiki, hajawahi kukosea hata hesabu. Mwishoni anapewa zawadi. Gauni.

Nilienda na mswada nyumbani. Ninaishi na dada yangu, muuguzi, na binti yake aliyelingana umri na huyo shujaa, ambaye huniita mama mdogo na kunisahihisha kila ninapofungua mdomo. Aliusoma akiwa amekaa sakafuni jikoni, miguu juu ya ndoo. Alipomaliza akaniuliza:

"Mama mdogo, huyu angekuwa darasani kwetu angefanyaje?"

"Kwani darasani kwenu kuna nini?"

Kumbe mwalimu wao wa fizikia huwapa wavulana vifaa vya majaribio, wasichana huwapa mifagio. Muhula mzima. Hakuwa ametuambia.

"Huyu angempiga mwalimu teke," akasema. "Mimi siwezi kumpiga mwalimu teke. Sasa nifanye nini?"

Kesho yake nililipeleka swali hilo ofisini kama lilivyo. Bingwa alikuwa ameketi kwenye kiti changu, anakunywa chai kwenye kikombe changu.

"Mwambie ajiamini," akasema.

"Ajiamini, halafu?"

"Halafu basi. Shujaa haogopi, dada yangu. Ukimwandika anaogopa, umemharibu."

Mkurugenzi akacheka, cheko la mtu ambaye amekwisha kuongea na mpiga chapa. Nilimwomba Bingwa ukurasa mmoja tu, ambamo msichana wake anatetemeka na bado anasema neno. Akanitazama kama niliyemwomba figo. Nikawaambia jina langu lisionekane kwenye kitabu hicho. Halikuonekana, na hakuna aliyeliulizia.

Wiki hiyo hiyo binti yetu aliinuka katikati ya somo. Alitusimulia baadaye kwamba aliogopa mpaka sentensi aliyoikariri ikamtoka kichwani. Alichoweza ni kuuweka mfagio juu ya meza ya mwalimu na kusema, "Leo nataka kupima." Wa nyuma yake akaweka wake. Wakafika watano kati ya wasichana kumi na wanne. Wengine waliinamisha vichwa, na mmoja akaenda kuwachongea kwa mwalimu mkuu. Mwalimu akawatoa nje. Dada yangu alipoitwa shuleni alienda na sare yake, moja kwa moja kutoka wodini, akamwuliza mwalimu mkuu taratibu kama kufagia nako kuna mtihani wa taifa. Siku ya tatu zamu za usafi zikabandikwa ukutani, wavulana kwa wasichana. Mwalimu wa fizikia hamsalimii binti yetu mpaka leo. Linamuuma, alikuwa anampenda mwalimu yule.

Kitabu cha Bingwa kilizinduliwa kwa maturubai na vipaza sauti. Akawauliza wanafunzi nani anataka kuwa kama shujaa wake. Walimu wakawakonyeza, mikono yote ikapanda, mpiga picha akapata alichokifuata. Mkurugenzi akafuta machozi ambayo hayakuwepo.

Mimi nimeandika changu. Mkurugenzi alisoma kurasa tatu akasema msichana wangu ni dhaifu mno, kwa hiyo nikakipeleka kwa wachapishaji wengine, wadogo, wenye vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Wamekikubali. Binti yetu amenirudishia sura ya pili akiwa amekata mistari kumi na mmoja, na pembeni ameandika: "Uongo. Hakuna anayeongea hivi akiwa anaogopa." Minane nimemkubalia. Mitatu bado tunagombana.