Mishale ya Novemba

Jumanne saa nne asubuhi Swalha alikuwa amepiga magoti sakafuni, anang'oa soli za ndani za viatu vilivyokuwa vinakwenda Zanzibar, kiatu kimoja baada ya kingine. Maboksi yalikuwa yameshatolewa na kutupwa. Ndivyo mzigo wa ndege, unaolipiwa kwa kilo, ulivyofungwa ghorofa ya kumi na nane ya jengo la Tianxiu: kinachoweza kubaki Guangzhou hubaki, na mvaaji kule nyumbani atajua la kufanya. Swalha alikuwa na miaka thelathini. Magoti yake yalikuwa na hamsini.

Mezani kulikuwa na mafungu mawili ya mishale. Zilikuwa sampuli za oda ya Wilbard, mtu wa Bukoba aliyehamia Marekani na kufungua duka la vifaa vya uwindaji. Huko kwake, kila Novemba watu huingia msituni na pinde kuwinda kulungu wa nchi za baridi, wenye pembe za matawi. Wilbard alitaka mishale elfu kumi na mbili, na suala la uzito akaiachia ofisi ya Swalha.

"Swalha ndiye mkaguzi," alisema kwenye simu. "Atakachosaini ndicho kitakachotengenezwa."

Fungu la kwanza lilikuwa la gramu ishirini na mbili kwa mshale. La pili, thelathini na tatu. Wiki iliyotangulia Swalha alinunua mabega ya kondoo kwenye bucha la Waislamu pale Xiaobei, akayafunga kwa ngozi ya ng'ombe, akayapeleka kwenye karakana ya mishale yapigwe. Mshale mwepesi ulikwenda kwa kasi, umenyooka kama uzi uliovutwa, na ulimsamehe mpigaji aliyekosea umbali kwa hatua tano. Ulipogonga mfupa uliishia hapo hapo. Mshale mzito ulikwenda taratibu na ulianza kuinama mapema, ukitaka mtu awe na uhakika wa alipo mnyama wake, lakini ulipogonga mfupa uliendelea na safari ukatokea upande wa pili.

"Mwepesi unamfurahisha mpigaji," alisema laoban, yaani bosi wa karakana, kupitia simu iliyokuwa inatafsiri. "Mzito unammaliza mnyama."

Swalha aliandika kwenye daftari: mzito.

Saa nne na robo lifti ya mizigo ikafunguka, akatoka kulungu dume. Mlinzi wa chini alikuwa amemkatalia lifti ya watu kwa sababu ya pembe. Alitembea kwa miguu mitatu na nusu mpaka mlangoni kwa Swalha, akasimama. Begani mwake kulikuwa na mshale uliozama shibiri moja, nyama imevimba kuuzunguka.

Swalha aliweka kiatu chini, akanawa mikono, akachukua koleo. Mshale ulitoka kwa mvuto wa tatu. Aliufuta, akauweka kwenye mizani, kwa kuwa kila kilichoingia ofisini mle kilipimwa. Gramu ishirini na mbili. Ubavuni ulikuwa umechapwa jina la duka la Wilbard, tarehe za msimu wa Novemba, na chini yake: Mkaguzi, Swalha. Ilikuwa bado ni mwezi wa nane, na oda haijapelekwa kiwandani. Swalha alifunga jeraha kwa tepu ya kufungia katoni, akarudi kwenye viatu.

Kufika Alhamisi walikuwa kumi na mmoja kwenye korido. Chepkoech, Mkenya wa ofisi ya mkabala aliyeuza jinzi za viwanda vya Xintang, alisimama na mkokoteni wake akashika kiuno.

"Swalha, wageni wako wamelala mbele ya mlango wangu. Sasa mimi nipitishe jinzi wapi?"

"Waambie wasogee. Wanasikia."

"Nimewaambia. Huyu mwenye pembe kubwa ananiangalia tu kama shemeji anayengoja chai." Aliinama akakitazama kidonda. "Kwani huyu alipigwa lini?"

"Novemba."

Chepkoech alihesabu kwa vidole. "Novemba hii inayokuja?"

"Hiyo hiyo."

"Si basi bado kuna muda," alisema, akausukuma mkokoteni kati ya miguu yao.

Swalha alilifikiria neno hilo kutwa nzima. Ijumaa, Ussi aliporudi kutoka kuswali, Swalha alimfuata mezani kwake. Ussi alikuwa mwenye ofisi, mtu wa Pemba, mpole, asiyepandisha sauti hata anapogombana na wenye meli. Alikuwa ameshika mmoja wa mishale iliyochomolewa, anaukagua kwa jicho moja.

"Mdogo wangu, umeuona huu? Umenyooka vile vile. Kazi nzuri kabisa."

"Kaka Ussi, tuagize mizito."

"Gramu kumi na moja mara elfu kumi na mbili," alisema Ussi. "Kilo mia na thelathini na mbili za kupandisha ndege. Tunang'oa soli za viatu vya watu wetu wenyewe, Swalha, halafu tumbebee kilo mia mbuzi wa Marekani?"

"Si mbuzi."

"Haya, binamu yake mbuzi."

"Kidonda cha yule wa jana kina siku tatu. Amekimbia na mshale siku tatu, ndiyo akafika hapa."

"Si amefika? Lifti ipo, koleo lipo, wewe upo." Ussi aliufuta mshale kwa leso. "Na wateja wa Wilbard wanapenda kasi. Mwepesi unauzika."

Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi mbili na kuziweka sambamba. Moja ilikuwa fomu ya sampuli, ina nafasi ya uzito na nafasi ya saini ya Swalha. Nyingine ilikuwa barua ya kazi, ile ambayo bila hiyo ofisi ya uhamiaji haiongezi kibali cha kuishi nchini, ina nafasi ya saini ya Ussi. Kibali cha Swalha kilikuwa kinakwisha Jumatano.

"Tusaini zote pamoja," alisema Ussi kwa upole, "tusisumbuane tena."

Swalha alichukua kalamu. Aliandika thelathini na tatu. Wino ulitoka vizuri, tarakimu zikakaa kwenye nafasi yake, na hakuna kilichomshika mkono. Alizitazama. Aliwafikiria watu sita wa nyumba moja kule Kwahani, Zanzibar, waliokuwa wanakula kwa magoti yake. Mlangoni, kulungu watatu walikuwa wameingiza vichwa, masikio mbele, wanaifuata ncha ya kalamu. Ussi alikuwa anangoja kama anavyongojwa mtu aliyeinama kufunga kamba za kiatu.

Swalha akazikata tarakimu kwa mstari mmoja, akaandika ishirini na mbili, akasaini mara mbili, pembeni ya kosa na chini. Ussi naye akasaini. Vichwa vikatoka mlangoni.

Kabla ya alasiri Ussi aliagiza mishale iliyochomolewa ioshwe na kufungwa kwa ajili ya Wilbard, isipotee bure, na kiwanda kikapunguziwa idadi hiyo. Chepkoech alileta vitambaa vya jinzi vya kufungia vidonda, vilivyobaki Xintang. Alisema tepu inang'oa manyoya.

Jumatano kibali kiliongezwa mwaka mmoja. Swalha alirudi ofisini akamkuta kulungu jike mmoja, mkubwa, anangoja peke yake. Mshale ulikuwa umeingia nyuma ya bega na kuegemea mfupa. Alivuta mara nne. Mnyama alimwekea kidevu begani, mzito, akapumua shingoni kwake mpaka mshale ulipotoka. Swalha aliupima, akaandika, akamfunga kitambaa.

"Haya, mama," alisema. "Nenda."

Akamsindikiza mpaka kwenye lifti ya mizigo na kumbonyezea ghorofa ya chini. Kulungu aliingia akageuka, kama wafanyavyo watu kwenye lifti, akautazama mlango. Alikuwa anakanyaga sawasawa kwa miguu yote minne. Msimu ulikuwa haujaanza.