Mishono Mitatu ya Kijani

"Hii si suruali yangu," mwalimu alisema, akiitandaza juu ya kaunta. "Humu mimi naingia mara mbili."

Dobi hakubisha. Suruali ilikuwa ya mwokaji mikate wa pale kona, mtu mwenye tumbo lake, na kama ya mwokaji ilikuwa hapa, basi ya mwalimu ilikuwa kwa mwokaji, naye bila shaka yuko njiani anakuja kugomba. Dobi aligeuza kiuno cha suruali kwa ndani. Mshono wa uzi mweupe ulikuwa umefumuliwa mapema mno, vimebaki vitundu viwili tu vya sindano.

"Mama," alisema bila kugeuka.

Nyuma yake, kwenye kiti kilichobanwa kati ya pipa la nguo chafu na meza ya pasi, mama yake alikuwa amepakata blauzi ya mtu, ukucha wa kidole gumba uko kazini. Uzi wa njano ulitoka. Akauviringa, akautia kwenye kopo, akaikunja ile blauzi chafu kwa ustadi mkubwa.

"Hii tayari," alisema. "Mwenyewe amekuja?"

Miaka thelathini hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila mteja ana alama yake ya uzi. Nguo ikipokelewa inatiwa alama, ikishapigwa pasi alama inafumuliwa, ndipo mwenyewe anakabidhiwa. Baba alifua, mwana akapiga pasi, Mama akafumua. Sasa akili imemtoka kidogo kidogo, kasahau majina ya wajukuu, kasahau hata choo kiko upande gani, lakini kile kidole gumba hakijasahau kitu. Kinafumua nguo ambazo hazijaona maji. Ukimweka mbali na nguo, anatoka nje. Wiki iliyopita muuza magazeti alimrudisha kutoka barabara kuu akiwa na kiatu mguu mmoja.

Wateja wanne walikuwa wamekwisha kuhama. Ama apatikane mtu au mahali pa kukaa na Mama mchana, ama duka lifungwe, na duka ndilo lililowalisha wote wawili.

Ndugu zake, wote wako mbali, walikuwa na ushauri wa kumwaga.

"Mdogo wangu, tafuta makao mazuri ya wazee," dada yake mkubwa alimwambia kwenye simu. "Zunguka, linganisha bei, halafu utuambie."

"Mtachangia?"

"Wewe linganisha kwanza."

Akalinganisha. Alifunga duka siku tatu, Mama akamwacha na jirani aliyekubali wiki hiyo tu, akalinganisha mpaka soli ikaachia kiatu.

Makao ya kwanza yalikuwa na bustani na samaki kwenye kidimbwi. Msimamizi alimpa karatasi ya bei, na bei ya mwezi mmoja ilikuwa mapato yake ya miezi miwili.

"Kwenye bei hiyo hamna nepi," msimamizi alieleza kwa upole. "Hamna dawa, wala kufua."

"Kufua hamna?"

"Kufua kunalipiwa pembeni. Bei ziko nyuma ya karatasi."

Aligeuza karatasi. Shati moja, mara tatu ya bei yake yeye. Alitaka kucheka, kicheko kikagoma.

Makao ya pili yalikuwa ya bei nafuu kweli. Muuguzi alimpokea kwa bashasha, akamtembeza, akamsifia hewa. Dobi aliomba kuona kitanda. Akainua pembe ya shuka, akainusa.

"Unanusa nini, baba?"

Ilikuwa imekaukia ndani, sabuni haikusuuzwa ikaisha, na chini ya sabuni kulikuwa na mkojo wa siku mbili. Unjano ulikuwa umekwisha kukaa kwenye nyuzi. Hata yeye asingeweza kuutoa.

"Hii haikubadilishwa jana."

Bashasha ilimwisha muuguzi. "Tuko wawili kwa wazee thelathini na nane," alisema. "Niambie wewe nianze na yupi."

Dobi alirudisha pembe ya shuka mahali pake. Alimwonea huruma, akaondoka na hasira bila kujua amkasirikie nani.

Ya tatu yalikuwa na shuka safi, zimeanikwa juani, na bei ambayo ndugu wakichangia ingewezekana. Karani alimwandika kwenye orodha. Alikuwa wa arobaini na moja.

"Orodha inasogea haraka?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

Karani aliangalia wazee waliokuwa wakiota jua uani, akafunga daftari.

Aliyaandika yote kwenye kundi la familia. Dada yake mkubwa akajibu kwa picha ya mikono inayoomba. Dobi aliitazama picha hiyo muda mrefu, na nusura aitupe simu kwenye beseni.

Siku ya nne alikwenda ofisi ya ustawi wa wazee kuomba msaada. Mtu wa dirishani alimsukumia fomu.

"Asaini mzee mwenyewe."

"Hawezi kusaini. Akili imemtoka."

"Basi aandike barua kueleza kwamba hawezi."

"Nani aandike?"

"Mzee mwenyewe."

Sijui mtu wa dirishani aliona nini usoni mwa dobi, lakini aliweka kalamu chini. "Mzee wangu, unakaa mtaa gani?" Akaambiwa. "Sasa unazunguka nini? Mtaani kwenu kuna kituo cha wazee cha mchana. Wanakaa mpaka saa kumi, mnachangia chai tu. Nyuma ya posta."

"Nyuma ya posta kuna mlango mbovu tu."

"Ndio huohuo."

"Mbona hauna kibao?"

"Kilianguka mwaka juzi." Akaongeza, "Wenzako wanaujua. Kila Ijumaa nawakuta wa kituoni wanapeleka vitambaa vyao vya meza kwa dobi."

Vitambaa kumi na viwili. Madoa ya chai, uji kidogo kwenye pindo. Mishono mitatu ya kijani, isiyofumuliwa kwa kuwa vinarudi kila Ijumaa. Mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa utepe. Miaka sita anamjua kwa uzi wake, Kijani Tatu, na kwa miaka yote hiyo maongezi yao yalikuwa wanga wa kukazia vitambaa uzidi au upungue. Yeye alidhani ana mgahawa. Dobi alijitukana kwa sauti, mpaka mlinzi akasogea.

Ijumaa, Kijani Tatu alipotua bunda lake, alimweleza yote. Mwanamke alivua miwani.

"Kumbe yule ni mama yako? Mimi siku zote najua ni mfanyakazi wako, namwona hapumziki!" Akatikisa kichwa. "Mlete Jumatatu. Sweta lake litie alama. Pale yanachanganyika."

Nguo za nyumbani hazikuwahi kutiwa alama. Jumatatu asubuhi dobi alikaa na boksi la nyuzi, akakuta karibu kila rangi ina mtu wake. Akachukua nyekundu. Alipiga mishono miwili ndani ya shingo ya sweta la kijivu, na aliona aibu, kana kwamba anampokea mama yake kaunta.

Siku hiyo hakuna nguo iliyopotea. Pasi ilikwenda, mwokaji alikuja akachukua suruali yake nyingine bila matusi, na ukimya wa kile kiti ukamfurahisha dobi, kisha furaha yenyewe ikamkera.

Saa kumi alisukuma ule mlango. Wazee wengine walikuwa wakivaa makoti. Mama alikuwa mezani, sweta limekunjwa mbele yake, ncha zote zimelingana.

"Amefumua alama za vitambaa vyote," Kijani Tatu alisema, akicheka. "Ijumaa utajua mwenyewe ni vya nani."

Juu ya meza, pembeni ya sweta, zilikuwepo nyuzi mbili nyekundu, zimelazwa sambamba.

"Hii tayari," Mama alisema. "Mwenyewe amekuja?"

Simu ililia mfukoni. Ilikuwa dada yake, saa yake ya kuulizia bei. Aliiacha ilie.

"Amekuja, Mama."

Mama alimkagua toka juu mpaka chini, jinsi alivyozoea kumkagua mteja asiyemwamini, kisha akamsogezea sweta.

"Aangalie vizuri kama ni yake."

Dobi alilipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza shingo kuelekea dirishani, akatafuta kwa kidole vile vitundu vinne vya sindano.