Ndevu za Mdogo wa Kinyozi

Kinyozi alimnyoa mdogo wake asubuhi, akamfuta povu sikioni, akamwita mteja. Kufika adhuhuri ndevu zilikuwa zimerudi, safari hii na mvi.

"Ndiyo kwanza nimekunyoa, bwana," kinyozi alisema, akafungua wembe mwingine.

Mdogo wake alikuwa na skizofrenia. Tangu aanze sindano za kila mwezi, sauti zilizokuwa zikimtukana zilinyamaza, na nyumba nzima ilishukuru. Ila taya lake lilitafuna kutwa kucha pasipo chakula, na mikono ikamtetemeka magotini.

"Leo unakula nini kisichoisha?" wateja walimtania.

Kinyozi hakucheka. Alikwisha kuona kwamba kinacholiwa ni umri. Aliogopa mdogo wake asije akaumaliza wote kabla ya mwaka kwisha. Mficha uchi hazai, lakini yeye alificha: kila jioni alizipaka zile ndevu rangi nyeusi ili mama asishtuke. Siku ya kliniki akazipaka vizuri zaidi, maana mtu haendi hospitali ovyoovyo.

"Sauti?" daktari aliuliza.

"Zimenyamaza," kinyozi alijibu.

"Safi kabisa."

"Daktari, mtazame taya," kinyozi alisema. "Na mikono. Mimi ndiye mkubwa, lakini ameshanipita. Hakuna dawa nyingine?"

"Huyu kijana tu, ndevu nyeusi tii! Kutafuna ni mambo ya ugonjwa wake."

Kinyozi alichukua pamba yenye spiriti mezani akamsugua mdogo wake kidevu. Weupe ukatokea, na makunyanzi chini yake. Daktari aliinama akatazama.

"Kweli, mzee huyu," alikubali. "Lakini sauti si zimenyamaza?"

Akaandika sindano ileile.

Nyumbani mama alikuwa akikunja nguo. Alimwona kitinda mimba wake akiingia kwa kushikiliwa, mgongo umepinda, uso umechakaa kuliko wake. Aliweka shuka pembeni, akasimama kwa adabu.

"Shikamoo," mama alisema.

Ilibidi angoje, kwa sababu taya lilikuwa na kazi.

"Marahaba," mwanawe alijibu hatimaye.

Mama alimvutia kiti kizuri, kisha akamgeukia kinyozi. "Daktari kasemaje?"

"Kasema anaendelea vizuri."