Mgeni wa Barabara ya Kumi na Nne
Nalala saa tisa mchana, siku moja kabla ya safari, kwenye kochi langu huku Oulu, kaskazini mwa Finland, nikijiambia ni dakika kumi tu. Kesho naenda Tanga kwa mama baada ya miaka kumi na moja, na wallahi naogopa. Mwezi uliopita mama alinipigia simu kunipa habari ya msiba wa shangazi Mwanahawa. Mie nikavuta pumzi ndani, hivi, kama wanavyoitikia Wafini, kisha nikanyamaza, maana huku nilikozoea ukimya ndiyo pole yenyewe. Mama akadhani simu imekatika. Alipojua nipo akasema, mbona wanyamaza, Tunu, kama mtu baki? Tangu siku hiyo nina swali moja tu: nikifika, nitapokelewa kama mtoto au kama mgeni? Nalala nalo hilo hilo, na kochi linafunguka chini yangu taratibu, nami nimesimama Ngamiani, mtaani kwetu Tanga.

Ni Ngamiani kweli, ila barazani kumejaa theluji. Barabara zetu zina namba, na nyumbani ni ya kumi na nne, basi natembea nikihesabu, kumi na mbili, kumi na tatu, halafu bila haya inakuja ya sabini. Nageuka, ya mia na tatu. Nageuka tena, vioo upande huu na upande huu, na ndani ya kila kioo kuna Oulu nyingine yenye minazi. Watu wamekaa barazani, kila mmoja hatua mbili mbali na mwenzake, hakuna anayepiga soga, muuza kahawa anamimina kimya kimya. Nasema, habari za hapa, wananitazama kama nimeingia chooni bila kubisha hodi. Mbele yangu anakwenda mwanamke asiye na uso, kajifunga khanga juu ya koti la baridi. Namuuliza, dada, kumi na nne iko wapi? Anasema, iko pale usipoihesabu. Namwambia, mwenzio sina muda wa vitendawili, mama ananingoja. Anasema, mama yupi? Ah, huyu naye. Kwani mtu ana mama wangapi? Ananionyesha mlango tu.

Nafungua, na mlangoni kasimama Bibi Tuulikki, jirani yangu wa chini, yule ninayemwachia ufunguo wangu wa akiba. Baridi yangu ya kwanza huyu hakunipa karibu wala chai. Alinigongea asubuhi, akanitia beleshi la theluji mkononi, akasema, upande huu wako, ule wangu. Nililia siku ile, nikasema hawa watu hawana utu kabisa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mgeni hapewi beleshi, hupewa mtu wa pale pale. Na ndiye aliyenifundisha kusema nao, kunyamaza nao, kuoga mvuke uchi bila kufa kwa aibu. Sijawahi kumshukuru hata siku moja, maana huku shukrani nyingi zinawatia watu kiwewe. Sasa namshukuru kwa Kiswahili chote nilicho nacho, namwambia, Mungu akuweke bibi, ulinipa pa kusimama, na machozi yananitoka. Anaangalia pembeni, anasogea nipite.

Nyuma yake ni ua wa mama. Mama mwenyewe anachambua mchele kwenye ungo, mdogo kuliko nilivyomwacha. Ananiona, anainuka, anajifuta mikono, anakwenda moja kwa moja kabatini, anatoa sahani ya maua, ile ya wageni, tusiyoruhusiwa kuigusa utotoni. Anasema, karibu, karibu sana, kaa kitini, usijisumbue. Jamani, bora angenizaba kofi. Nataka kusema neno na ulimi hauna lugha hata moja, si ya huku si ya kule. Basi navua viatu, naivuta mbuzi ya kukunia nazi, naikalia, naanza kukuna. Hapo ndipo neno linapokuja. Nasema, mama, pole na shangazi. Nilikunyamazia kwa huzuni, huko niliko ndivyo wanavyolia. Mama anasimama na sahani yake mkononi. Ananitazama mikono. Kisha anasema, we Tunu, hiyo nazi unaikuna au unaichimba? Utafika kwenye kifuu, tui litoke jeusi. Na ukimaliza kuna masufuria pale, usijifanye huyaoni. Sahani inarudi kabatini. Moyo wangu unajaa. Nakuna, nakemewa, nakuna, na nashukuru kwa kila neno analonisema, la nazi, la nywele zangu, la kukonda kwangu.

Mkono unanitikisa bega. Sauti ya mwanamke mzee inasema, inuka wewe, mchana wote huu umelala, na kazi afanye nani? Nimeielewa neno kwa neno, lakini imepita kabla sijajua ilikuwa lugha ya nani, ya mama au ya Bibi Tuulikki mwenye ufunguo wangu. Sifungui macho kwanza. Popote nilipo, nimetumwa kazi.

Naja, mama, nasema, nanyoosha miguu kutafuta sakafu.